Barua kwa mwanangu: cherehani mbili zisubiri kwanza

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unauliza kama upunguze bei ya mikoba kwa asilimia 10 ili wateja waongezeke, au ukope ununue cherehani mbili. Halafu ukapenyeza lalamiko kwamba mauzo yanapanda ila mfukoni huoni kitu. Nitaanza na lalamiko hilo, maana kwangu mimi ndilo swali lenyewe.

Unasema kila mkoba unaouzwa 100 unakupa faida ya 45, kwa kuwa kitambaa, bitana, zipu na nyuzi vinakula 55. Na aliyeushona je? Fundi wako unamlipa 20 kwa mkoba. Ile unayoishona wewe usiku humlipi mtu, basi ukaiona yote ni faida. Hapana, mama. Hiyo 20 ni ujira wako ambao hujajilipa. Siku ukiugua, au ukimweka mtu akushikie nafasi, itatoka tu, na utabaki na 25. Kuanzia leo piga hesabu kwa 25, hata kwa mkoba ulioushona kwa mikono yako.

Kuna kodi ya chumba, umeme na usafiri, ambavyo vinadai uuze usiuze. Nimejumlisha orodha yako, kwa kipimo hicho hicho cha mkoba kuwa 100, nikapata 500 kwa mwezi. Gawa kwa 25, unapata mikoba 20. Hiyo 20 ya mwanzo ni ya mwenye nyumba na wenzake. Wewe unaanza kula kwenye mkoba wa 21. Unauza 30, kwa hiyo inayokulisha ni 10 tu. Nilipoiona hesabu hiyo nilishusha pumzi, maana kazi unayoifanya ni ya mikoba yote 30.

Sasa ipunguze hiyo bei uone. Unauza 90, gharama za mkoba ni zile zile 75, unabaki na 15. Kodi na wenzake watataka mikoba 34 kabla hujagusa chochote, na wewe unauza 30. Umeshaingia hasara. Ili urudi pale ulipo leo itabidi uuze 50. Hao wa kununua 20 zaidi unawajua? Na nani atawashonea? Punguzo linaonekana dogo kwa mnunuzi, kumbe kwako limeondoka na asilimia 40 ya kilichokuwa kinabaki. Heri upandishe kidogo. Ukiuza 105, hata ukipoteza wanunuzi 5 kati ya 30, mwisho wa mwezi unabaki na kile kile, tena kwa kazi pungufu. Kuna watakaonuna, lakini wale wanaorudi kwako kila mara wanaufuata mshono.

Lile duka ulilolitaja kwenye barua, linalotaka mikoba 40 kwa mwezi kwa 90, ni habari nyingine. Maadamu wateja wako wa kawaida bado wanalipa 100, kodi wameshailipa wao, na 15 ya kila mkoba inakuja kwako. Bei ya duka hainitishi. Kinachonitisha ni wao kulipa baada ya siku 30. Kitambaa unanunua taslimu, kushona kunachukua siku 20, kisha unawasubiri wao. Fedha yako iko nje siku 50. Kabla hujaona malipo ya kwanza, oda ya pili itakuwa imeshadai kitambaa chake.

Hapo ndipo mimi nilipoangukia, na sikukusimulia vizuri wakati ule. Nilikuwa nashona mapazia, nikapata mnunuzi mkubwa, kila mwezi akiongeza oda. Daftari lilionyesha faida nzuri kweli. Siku moja nikashindwa kununua nyuzi. Faida yote ilikuwa kwake, kwenye deni, nami nikaona haya kumdai mtu aliyekuwa akinisifia kazi. Cherehani yangu nzuri nikaiuza ili nimlipe fundi. Kwa hiyo waombe nusu ya malipo kabla hujakata kitambaa. Nusu ya 90 ni 45, inakaribia kununua vifaa vya mkoba mzima. Wakikataa, anza na mikoba 10, usione aibu.

Kuhusu mkopo, umeandika mwenyewe, bila kukusudia nadhani, kwamba fundi hukaa akikusubiri ukate. Cherehani iliyopo inalala, na wewe unataka kukopa zingine mbili zilale nayo! Kinachokuchelewesha ni mkasi. Tenga siku moja ya kukata kwa ajili ya wiki nzima, pandanisha vitambaa uvikate pamoja, tena mfundishe fundi kukata. Ikifika siku ambayo vipande vilivyokatwa vinarundikana na cherehani haipumziki, ndipo tuongee habari ya mkopo.

Fedha ya biashara na ya nyumbani nilishakwambia uzitenge, sirudii. Jipangie mshahara, hata mdogo, uuchukue siku moja ya mwezi, basi.

Nitumie hesabu za wiki mbili zijazo, hata zikiwa mbaya: mikoba uliyouza, iliyolipwa, na nani anadaiwa tangu lini. Usizipambe, mimi si benki.

Baba yako anakusalimu. Anasema ule mkoba wa kijani ulioniletea zipu yake inakwama katikati. Nimeijaribu na mimi, ni kweli. Zikague zipu zilizobaki kwenye boksi ilikotoka hiyo kabla hujaziweka kwenye mikoba ya duka.

Mama yako