Mdogo wangu yuko rumande, nifanye nini?

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu alishikwa kwa kesi ya kuiba simu, ni miezi mitatu sasa yuko rumande, kila akipelekwa kotini wanasema upelelezi haujaisha. Analala ubavu ubavu maana mahali hakuna, na kuna jamaa anataka hela eti atamtoa. Nimpe? – Dada mkubwa, Arua

JIBU: Pole sana dada. Hela usimpe hata shilingi, huyo anakula tu shida yako. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 23, inasema kesi kama hiyo ikipita siku 60 rumande bila kuanza kusikilizwa, koti lazima impe dhamana (zile kubwa zinazosikilizwa na High Court, yaani Mahakama Kuu, peke yake, kama mauaji, ni siku 180). Sasa wengi hawaijui hii wanakaa tu kimya, ndo maana jela zimejaa watu ambao hata hawajahukumiwa. Tafuta wadhamini wawili wenye kitambulisho cha taifa na barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), siku ya kesi mdogo wako mwenyewe anyooshe mkono amwambie hakimu siku zimepita. Koti ikisema weka pesa, ulizia risiti, hiyo inarudishwa kesi ikiisha.

Na hata akipatikana na hatia, tangu 2000 tuna sheria ya kazi za jamii, kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka miwili mtu anafagia hospitali mchana usiku analala kwake. Mimi naona mahakimu wangeitumia zaidi, jela ya Luzira ingepumua.