Maswali ya Wasomaji: Kima cha Chini cha Mshahara na Wanaoguswa Nacho

Amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Januari 2023, ikichukua nafasi ya ile ya Julai 2013. Barua nne zifuatazo zilijibiwa Machi 2023, kwa viwango vya amri hiyo, ambavyo vilibadilishwa Januari 2026: ya mlinzi, ya mwajiri wa msaidizi wa nyumbani, ya msomaji wa Unguja na ya mwenye mgahawa.

Swali: Ndugu Mhariri, ninalinda ghala hapa Mwanza kwa kampuni ndogo ya ulinzi. Naingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Mwaka 2020 nilisaini mkataba wa Sh 100,000 kwa mwezi. Meneja ananiambia kwamba kwa kuwa nilisaini mwenyewe kwa hiari yangu, amri mpya hainihusu mpaka mkataba uishe. Je, ni kweli? (Mlinzi, Mwanza)

Jibu: Si kweli, ndugu yetu. Amri ya mshahara hutolewa na Waziri mwenye dhamana ya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, na ikishatangazwa humfunga kila mwajiri wa sekta husika. Mkataba unaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya kima hicho, lakini hauwezi kumpa pungufu, hata awe ameutia saini mbele ya mashahidi kumi. Kwa kampuni ndogo za ulinzi kima kilichowekwa ni Sh 148,000 kwa mwezi, kwa hiyo tangu Januari unadai Sh 48,000 za kila mwezi ambazo hukulipwa.

Lakini barua yako ina jambo kubwa zaidi ambalo hukuliuliza, nalo ni saa za kazi. Mshahara huo wa mwezi ni malipo ya saa 45 kwa wiki, na hicho ndicho kiwango kilichowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Wewe, hata tukiondoa saa moja ya mapumziko katika kila lindo, unafanya saa 66, yaani saa 21 za ziada kila wiki, ambazo kwa wiki nne zinafika 84, ilhali sheria haimruhusu mwajiri kumfanyisha mtu zaidi ya saa 50 za ziada katika kipindi hicho. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ukigawa Sh 148,000 kwa saa 195 za mwezi utapata takriban Sh 759 kwa saa, hivyo saa 50 tu za ziada zinakaribia Sh 57,000. Aidha, saa zote kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya ujira wa msingi. Ni fedha kidogo kwa usiku mmoja, lakini ni haki yako.

Anza kwa kumwandikia mwajiri na kubaki na nakala. Asipojibu, nenda kwa afisa kazi wa mkoa, ambaye ana mamlaka ya kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, au ujaze fomu ya mgogoro katika ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usichelewe, kwa sababu madai yasiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume hiyo ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Kumfukuza mtu kwa sababu amedai haki aliyopewa na sheria ni kumwachisha kazi isivyo halali, na hilo mkumbushe meneja wako kwa heshima.

Swali: Nina binti wa miaka 19 anayenisaidia kazi za nyumbani, analala na kula kwangu. Tulikubaliana Sh 60,000 kwa mwezi. Mama yake aliomba nimtumie yeye hizo fedha kijijini, na ndivyo nifanyavyo. Mwezi uliopita alivunja jagi la blenda, nikamkata Sh 45,000. Jirani ananiambia nimevunja sheria, tena mara mbili. Naomba mwongozo. (Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam)

Jibu: Mama, jirani yako ana haki ya kukuonya, nawe umefanya vema kuuliza kabla mambo hayajafika mbali.

Kiasi mlichokubaliana ni halali. Amri ya Januari 2023 ilitaka msaidizi wa nyumbani wa familia ya kawaida alipwe Sh 60,000 akiwa anaishi kwa mwajiri, na Sh 120,000 akiwa anatoka kwake kila siku. Wanaoajiriwa na wanadiplomasia, wafanyabiashara wakubwa na maofisa wanaostahili huduma hiyo wana viwango vyao vya juu zaidi. Tofauti hiyo ya nusu kwa nusu inaonyesha kwamba malazi na chakula vimekwisha kuhesabiwa, kwa hiyo mwajiri asije akakata tena hela ya ugali na sabuni katika Sh 60,000 zilizobaki.

Kuhusu jagi, sheria inaruhusu makato ya hasara kwa masharti mazito: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, umjulishe kwa maandishi sababu na kiasi chake, umpe nafasi ya kujitetea, kiasi unachodai kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Robo ya Sh 60,000 ni Sh 15,000. Mrudishie Sh 30,000 zilizozidi, kisha uzungumze naye kuhusu hizo nyingine, ukijiuliza kwanza kama jagi la kioo linalooshwa mara tatu kwa siku lilivunjwa na uzembe wake au lilifika tu mwisho wake.

La mama yake linatugusa zaidi, kwa sababu ni desturi iliyoenea sana na hufanywa kwa nia njema. Mshahara ni wa aliyeufanyia kazi. Sheria inataka alipwe yeye mwenyewe, mkononi au kwenye akaunti aliyoichagua yeye kwa maandishi. Akitaka kumsaidia mama yake, atatuma mwenyewe kutoka kwenye simu yake, kiasi anachokitaka, siku anayoitaka. Binti wa miaka 19 anayefanya kazi mwaka mzima bila kushika mshahara wake hana nauli ya kuondoka siku atakapotaka kuondoka, na mtu asiyeweza kuondoka hawezi kusema kwamba amekubali kubaki. Mpe pia maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Ukurasa mmoja wenye jina, kazi, saa, mapumziko na mshahara unatosha, nawe utakulinda pia, kwa maana mgogoro ukitokea na maandishi yakakosekana, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuwa juu ya mwajiri.

Swali: Mimi niko Unguja. Je, viwango hivi vinatuhusu? (Msomaji, Mjini Magharibi)

Jibu: Havikuhusu. Ajira ya sekta binafsi Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na viwango vyake hutangazwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uliza katika ofisi ya kazi iliyo karibu nawe.

Swali: Nina mgahawa mdogo Morogoro wenye wafanyakazi 4: mpishi, msaidizi wake na wahudumu wawili. Nilikuwa nawalipa Sh 130,000 kama amri ya zamani ilivyosema. Sasa natakiwa kulipa Sh 150,000, huku mchele na mafuta ya kupikia vimepanda. Nafikiria kumpunguza mhudumu mmoja. Je, sheria hizi hazitunyimi sisi wadogo nafasi ya kuajiri? (Mwenye mgahawa, Morogoro)

Jibu: Ndugu yetu, kwanza tunakushukuru kwa kuwa ulikuwa unalipa kima cha zamani kikamilifu, kwa maana wengi hawakufika hapo. Hebu tufanye hesabu pamoja. Nyongeza ni Sh 20,000 kwa kila mtu, yaani Sh 80,000 kwa wote wanne. Ongeza asilimia 10 ya mchango wako kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni Sh 8,000, na nusu asilimia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo ni Sh 400. Tozo ya kuendeleza ujuzi haikuhusu kwa kuwa hujafikisha wafanyakazi 10. Jumla ni Sh 88,400 kwa mwezi, na ukifungua siku 26, ni Sh 3,400 kwa siku. Kama unauza sahani 100 kwa siku, nyongeza yote ni Sh 34 kwa sahani.

Mpunguze mhudumu mmoja na utaokoa mshahara wake, lakini utatakiwa kwanza kutoa taarifa na kushauriana na wafanyakazi kuhusu sababu na namna ya kumchagua wa kuondoka, umpe notisi ya siku 28 au malipo yake, na kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka aliokutumikia. Kisha saa 7 mchana, mgahawa ukiwa umejaa, mtu mmoja atahudumia meza zote, na mteja aliyesubiri wali kwa nusu saa hatarudi kesho. Ushauri wetu ni upandishe bei kidogo kabla ya kufikiria kumpunguza mtu.

Kuhusu ajira kwa ujumla, jibu halifanani kila mahali. Wachumi David Card na Alan Krueger walichunguza migahawa ya vyakula vya haraka baada ya jimbo la New Jersey nchini Marekani kupandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwaka 1992, wakailinganisha na ya jimbo jirani la Pennsylvania, na hawakuona kwamba ajira zilipungua. Card alishiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2021. Kwa upande mwingine, Afrika Kusini ilipoweka kima cha wafanyakazi wa mashambani mwaka 2003, watafiti waligundua kwamba mishahara ilipanda lakini ajira za mashambani zilipungua. Kupanda kwa kiasi kikubwa, kwa ghafla, katika kazi zenye faida ndogo, kunaumiza.

Hapo ndipo tunapokuunga mkono, ingawa si kwa namna uliyotarajia. Tatizo la sheria yetu ni kwamba ilinyamaza kwa miaka tisa na nusu. Kati ya 2007 na 2013 amri zilitoka kila baada ya miaka mitatu, kisha zikakoma mpaka mwishoni mwa 2022. Katika muda huo mfumuko wa bei ulikuwa kati ya asilimia 3 na 8 kila mwaka, na ukizilimbikiza, bei kwa ujumla zilipanda kwa karibu nusu. Kima cha mgahawa kimepanda kwa asilimia 15 tu. Mhudumu wako mwenye Sh 150,000 leo ananunua kidogo kuliko aliyelipwa Sh 130,000 mwaka 2013, na wewe unaona umepandishiwa gharama ghafla. Wote wawili mnalipia ukimya uleule. Uganda imefika mbali zaidi katika hilo: kima chake cha Sh 6,000 za Uganda kwa mwezi hakijabadilika tangu 1984, na muswada uliopitishwa na Bunge lake mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais.

Afrika Kusini, tangu ianze kima cha taifa Januari 2019, hukipitia kila mwaka kwa mujibu wa sheria. Tungependa kuona utaratibu wa namna hiyo hapa, ili mwenye mgahawa ajue mapema kwamba mwakani ataongeza elfu chache, na apange bei zake kwa utulivu. Waajiri wana wawakilishi katika bodi za mishahara za kisekta kama walivyo nao wafanyakazi. Wenye migahawa midogo mkijiunga na kupeleka hesabu zenu huko, kama hii tuliyoifanya hapa, zitasomwa pamoja na za hoteli kubwa ambazo hazijawahi kukosa msemaji.