Nimepungua kilo 26, wifi kanirudishia begi la nguo

*Shikamoo Anti. Nina miaka 43, naishi Nkuhungu, Dodoma. Daktari aliniambia sukari imepanda na presha haishuki, nipunguze mwili. Nikapunguza ugali, nikaanza kwenda kazini kwa miguu, na ndani ya miezi 14 nimetoka kilo 98 hadi 72. Namshukuru Mungu. Tatizo ni nguo. Zimejaa shangazi kaja mbili. Moja nilimpa kijana wa bodaboda ampelekee wifi yangu anayeishi Kisasa, kwa kuwa mwili wake ni kama wangu wa zamani. Kesho yake begi likarudi na ujumbe: "Mwambie mimi si jalala." Mama mkwe naye anasema nguo zinazogawiwa ni za marehemu, mtu mzima hagawi zake. Mume wangu anasema nizitunze, nitanenepa tena. Nifanye nini na nguo hizi, na wifi nimwendeeje?*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Kilo 26 kwa miezi 14 ni kama kilo 2 kwa mwezi, mwendo ambao mwili unaumudu. Kabla ya nguo, jambo moja. Kama bado unakunywa dawa za presha na sukari kwa dozi ileile ya ulipokuwa na kilo 98, rudi kliniki upimwe upya. Mwili ukipungua, dozi ya zamani inaweza kukuzidi, na dalili zake ni kizunguzungu unaposimama, au kutetemeka na kutoka jasho la ubaridi. Usipunguze wala usiache dawa mwenyewe.

Sasa wifi. Kumpa nguo si kosa. Kosa ni kwamba ulituma begi zima, limefungwa, kwa mkono wa mtu baki, bila neno hata moja. Alipolifungua alisoma mambo mawili: kwamba mnene sasa amebaki yeye, na kwamba kilichokushinda wewe ndicho kinachomfaa. Hujasema hayo, lakini hukusema mengine yoyote, kwa hiyo begi likakusemea. Nguo ya mtu mzima haitumwi kama kiroba cha unga. Anayepewa anatakiwa aulizwe kwanza, aione, achague, na aweze kuikataa bila kuumbuka. Wewe ulimpa vyote kwa mkupuo, naye akakataa vyote kwa mkupuo. Angefanyaje?

Nenda kwake mwenyewe, bila begi. Beba kile unachobeba siku zote ukienda kumsalimia, zabibu au mkate, kisiwe kikubwa kuliko kawaida. Mkikaa wawili tu, mwambie: "Wifi, lile begi nilikosea. Nilitakiwa nikuulize kwanza. Naomba unisamehe." Ishia hapo. Usiongeze kwamba hukuwa na nia mbaya, maana hapo utamlazimisha yeye ndiye akubembeleze wewe. Usitaje mwili wake wala wako. Na siku hiyo usitoe ofa nyingine ya nguo, hata akicheka, hata akikukumbatia. Acha zipite wiki tatu au nne.

Baada ya hapo, kama mambo yametulia na uzito wako nao umetulia kama nitakavyoeleza chini, mwambie hivi, kwa simu au uso kwa uso, bila watu wa pembeni: "Wifi, nguo zangu nyingi hazinikai tena. Jumamosi nazipanga. Ukipata nafasi njoo tuzitazame, utakayoipenda chukua, zilizobaki nina pa kuzipeleka." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayompa uhuru: zina pa kwenda, hazimngoji yeye. Maneno ya kuepuka ni "zitakutosha wewe", "mimi nilikuwa kama wewe", na "ukipungua na wewe utampa mwingine". Akisema hana nafasi Jumamosi, hilo ni jibu. Lipokee, usimpangie Jumapili.

Mama mkwe naye ana sababu yake, usimwone mshamba. Matanga yakiisha, nguo za marehemu hutandazwa kwenye mkeka na ndugu wakagawiwa. Yeye aliona nguo za mtu aliye hai zimefungashwa zote, siku moja, zinatoka mlangoni kwake kama za aliyezikwa. Na mtu aliyepungua kilo 26 tayari watu wanamnong'ona. Usibishane naye kuhusu mila. Badilisha namna ya kuzitoa: nguo tatu au nne kwa mara moja, zimefuliwa na kupigwa pasi, ziko kwenye henga, huku kabati lako likionekana lina nguo. Na zile alizokununulia yeye, muulize kabla hazijaguswa: "Mama, vitenge vyako ninavyo. Hiki nakipunguza, hiki naona kingempendeza fulani, wewe unasemaje?" Kitenge cha mama mkwe kikionekana mwilini mwa mtu mwingine kabla hajaambiwa, utaandika barua nyingine.

Mume wako anasema kweli nusu. Watu wengi waliopungua huongezeka tena kiasi fulani. Ni tabia ya mwili, si aibu. Kwa hiyo usigawe chochote mpaka uzito umekaa palepale miezi mitatu, na nguo za gharama ngoja hadi sita. Panda mzani mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya chai. Ukicheza ndani ya kilo 2 juu au chini, mwili umetulia. Baki na akiba ya nguo sita hivi za ukubwa wa zamani: suti moja ya kazini, madera mawili, sketi mbili zenye lastiki kiunoni, na gauni moja la shughuli. Mabegi mawili kamili si akiba. Kila asubuhi unayaona na yanakuambia kwamba hujiamini, wakati miguu yako imefanya kazi ya miezi 14.

Tuje kwenye nguo zenyewe. Lile begi lililorudi lifungue, limwage lote kitandani pamoja na lile la pili, uanze upya.

Usikadirie kwa macho na usiamini namba ya ndani ya kola. Namba 16 ya Uingereza ni sawa na 12 ya Marekani, za China ni ndogo zaidi, na nguo ya fundi haina namba kabisa. Pima nguo. Tandaza gauni juu ya kitanda, funga zipu, linyooshe kwa kiganja bila kulivuta. Weka futikamba kutoka kwapa hadi kwapa. Ukipata inchi 23, zidisha kwa 2, ni 46. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo toa inchi 2 au 3 za kupumulia: gauni hilo linamkaa mwenye kifua cha inchi 43 au 44. Kiunoni toa inchi 1, nyonga toa 2, maana nyonga hutanuka mtu akikaa. Andika vipimo kwenye kipande cha karatasi, kibane kwa pini kwenye pindo. Faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Mtu anajipima mwenyewe nyumbani kwake, mlango umefungwa, anakuja akijua anachokitaka, na hakuna aliyemwona akihangaika na zipu isiyofunga mbele ya wifi yake aliyepungua.

Kabla hujagawa, tenga za kupunguza. Hapa wengi wanapoteza pesa. Sketi ya kitenge ni kazi nyepesi, fundi anaiingiza pembeni mpaka inchi 4 kwa jumla na haionekani. Suruali inapungua vizuri inchi 2 kwa mshono wa nyuma. Ukizidi 3, mifuko ya nyuma inasogeleana na mapaja yanabaki yananing'inia. Gauni lenye mikono angalia bega kwanza. Vaa, simama mbele ya kioo, gusa mfupa wa mwisho wa bega. Kama mshono wa mkono umeteremka zaidi ya inchi 1 chini ya mfupa huo, mkono lazima ufumuliwe na kwapa likatwe upya, na fundi asiyezoea atakuachia mkono unaovuta kila ukiinua kitu. Koti la suti lina bitana na pedi za mabega. Kwa kilo 26, liache, mpe anayelingana nalo.

Fundi wa haraka atapitisha mshono wa pili ndani ya ule wa zamani na kukurudishia. Inchi nusu kila upande haina neno. Ikizidi inchi 1, kitambaa kinajikunja ndani na kutengeneza tuta chini ya kwapa. Mwambie apige bandi kwanza, yaani mshono wa muda, uvae, ukae, uinue mikono, ndipo ashone. Halafu akate abakize inchi 1 ya akiba na kupitisha ovaloki. Ukimwambia asikate kabisa kwa sababu unaogopa kunenepa, ujue kwamba jua la Dodoma linachuja rangi: baada ya mwaka, sehemu iliyojificha ndani itabaki na rangi mbichi, na ukifumua utakuwa na mstari mbavuni. Kitenge kikubwa unachokipenda sana, afadhali kifumuliwe chote na kukatwa upya. Gauni la kilo 98 lina kitambaa cha kutosha.

Za kugawa, zifue hata kama zilikaa safi kabatini. Madoa ya njano kwapani usiyamwagie Jik, dawa hiyo huyazidisha unjano. Loweka sehemu hiyo nusu saa kwenye siki nyeupe, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, suuza vizuri, kisha fua kwa sabuni kama kawaida. Siki na Jik visikutane kwenye beseni moja kamwe, vinatoa hewa ya sumu. Maji ya kisima yenye chumvi huacha nguo ngumu na ukungu mweupe kwenye rangi nyeusi, kwa hiyo suuza mara mbili. Anika ndani nje. Kama ulikuwa unaweka vidonge vya naftalini dhidi ya nondo, tundika nguo kivulini penye upepo siku kadhaa na kuzifua, na hata hivyo usimpe mama anayenyonyesha: mvuke wake unaweza kuharibu damu ya mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Usipulize manukato. Mwenye kupokea akisikia harufu nzito anajiuliza unaficha nini.

Na kwa wanaonong'ona: virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa nguo. Kinachoweza kusafiri na nguo ni upele, na wadudu wake hufa wakikaa mbali na ngozi siku tatu hivi. Kufua kwa maji ya moto na jua la mchana vinatosha.

Nguo za ndani usimpe mtu. Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku hata kuuza za mitumba. Zikate ziwe matambara.

Sare ni jambo jingine, na Dodoma tunazo nyingi. Fulana ya Mei Mosi au kitenge cha Machi 8 chenye nembo ya ofisi visiende kwa mtu wa nje wala sokoni, uliza utawala. Sare ya kwaya au ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, muulize mwenyekiti wenu, mara nyingi kuna mwanachama mpya anayehitaji. Sare za kitchen party na send-off zenye shanga na lesi ni ngumu kupunguza na ni ngumu kugawa, kwa sababu kila mtu anakumbuka ilivaliwa shughuli gani. Hizo zifaidi mabinti: juu linakuwa kitopu, chini inakuwa sketi.

Zitakazobaki usizirundike kwenye baraza la mtu maskini ukadhani umemsaidia. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya rufaa, uliza wanachohitaji kabla ya kubeba. Akina mama wanaotoka Bahi, Mpwapwa au Chamwino wakalazwa bila ndugu wa karibu wanahitaji zaidi khanga na madera yanayofunguka mbele kuliko suti zako. Sweta na makoti yatoe Mei, kabla ya usiku wa baridi wa Juni na Julai. Ukizitoa Desemba zitapangwa kona ya stoo na kuliwa na panya.

Wifi akija akachukua moja tu, mfungie vizuri kwenye mfuko wa karatasi, si mfuko wa takataka. Usimuulize baadaye mbona huivai. Na siku ukimkuta nayo harusini, mwambie amependeza, usitaje ilitoka wapi.