Kijitabu cha babu na mashine ya laminesheni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu ameniachia vijitabu vya ratiba za sherehe za kuzindua minara na sanamu, nami nimeanza kuongezea vingine. Ninachokithamini zaidi ni cha Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, 1927. Kimekuwa cha njano, mkunjo wa katikati umeanza kukatika na pini zimeshika kutu. Jamaa wa steshenari anasema akikipiga laminesheni kitadumu milele. Nimkubalie? Tena kuna mtu ananiuzia nakala nyingine ya kijitabu hichohicho. Nitajuaje kama si feki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Usimkubalie. Na kama umeshamwachia dukani akisubiri umeme urudi, acha kusoma, nenda kakichukue kwanza.

Sijui ni nani aliyewaaminisha watu kwamba karatasi ikishafunikwa plastiki imepona. Karatasi nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa massa ya mti, yaani mbao iliyogeuzwa kuwa uji, na kutiwa shabu ili wino usisambae. Hapo ndipo asidi inapotoka, na asidi hiyo ndiyo inayokata nyuzi taratibu mpaka mkunjo unavunjika kama ulivyoona. Ndiyo maana vitabu vingi vilivyochapwa Ulaya miaka ya 1600 kwenye karatasi ya matambara bado ni vyeupe na laini, wakati gazeti la 1927 linameguka ukiligusa. Umri si hoja. Hoja ni kilichomo ndani ya karatasi yenyewe, na laminesheni inamfungia mgonjwa na ugonjwa wake chumba kimoja.

Tena inamchemsha kwanza. Ile mashine hufanya kazi kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 za Sentigredi. Gundi iliyo ndani ya plastiki huyeyuka na kuingia kwenye nyuzi, na ikishapoa haitoki bila kung'oa karatasi. Kijitabu chako kina kurasa kadhaa, kwa hiyo huyo jamaa itabidi ang'oe pini, na pengine akate mkunjo, ndipo karatasi ziingie moja moja. Utarudishiwa kadi ngumu kadhaa zinazong'aa. Hakuna mkusanyaji makini atakayezinunua.

Nikisema hivi naambiwa naogopa teknolojia. Haya, jambo hili wakubwa walishalijaribu. Miaka ya 1930 kule Virginia, Marekani, mhifadhi wa nyaraka William Barrow alianza kuweka nyaraka kati ya tabaka za selulosi asetati, aina ya plastiki, na kuzigandamiza kwa joto. Maktaba na ofisi za nyaraka zikamfuata, kumbukumbu nyingi za mahakama zikapitishwa humo. Baadaye ikaonekana kwamba asetati yenyewe huchakaa, hutoa harufu ya siki na kuongeza asidi. Hadi leo wahifadhi wanazitoa nyaraka hizo humo, karatasi moja baada ya nyingine, kwa kuzilowesha kwenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha plastiki hiyo. Na Barrow alikuwa mtu aliyeichunguza asidi ya karatasi kuliko karibu wenzake wote wa wakati wake. Sasa mwenye mashine ya mezani, kati ya fotokopi na kuuza vocha, anakuahidi milele.

Ufanye nini basi? Pini zitoe, maana kutu inakula karatasi kila siku kwa unyevu wa Tanga. Usitumie kile kidude cha kung'olea pini. Fungua kijitabu katikati, nyanyua miguu ya pini kwa ubapa wa kisu kisicho na makali, kisha ivute taratibu kwa upande wa mgongo. Mkunjo usiubandike selotepu. Gundi yake huwa kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Kipande chembamba cha karatasi ya Kijapani na uji mwepesi wa wanga wa ngano vinatosha, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Kama humpati, acha mkunjo ulivyo. Kiweke kijitabu ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, au ya plastiki ya poliesta safi iliyo wazi upande mmoja. Mafaili laini ya plastiki yanayonuka kama pazia jipya la bafuni ni ya plastiki iitwayo PVC, hayafai. Sanduku likae kabatini, mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu, maana unyevu ukipita asilimia 65 hivi kwa muda mrefu ukungu unaanza. Ukikuta wadudu, usimwage dawa ya mbu.

Kuhusu nakala unayouziwa: rangi ya njano haithibitishi chochote. Kuna watu wanachovya karatasi kwenye chai ya rangi na kuikausha juani, kisha wanakuandikia "ya mkoloni, adimu". Karatasi iliyozeeka yenyewe aghalabu huwa nyeusi zaidi pembezoni na kupungua rangi kuelekea katikati. Ya chai huwa na mabaka, na doa hukaa hata ndani ya mkunjo. Pitisha kidole nyuma ya maandishi: uchapaji wa herufi za madini ya risasi mara nyingi huacha kibonyeo unachokihisi. Kisha omba msaada kwenye duka lolote lenye taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi ikiwaka nyeupe ya buluu, ina king'arishi, yaani kemikali ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi, kilichoingia viwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hiyo 1927 ni uongo. Isipowaka bado haijathibitika, endelea kuchunguza. Na uone jambo moja: kijitabu kilichopigwa laminesheni hakina kibonyeo cha kupapasa, na taa inapiga plastiki kwanza. Anayekuuzia kikiwa hivyo, mwache.

Lakini hayo ya vijitabu ni madogo. Kinachonikera zaidi ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, na hati za viwanja ninazoletewa zikiwa zimeshagandamizwa, muhuri wa kubonyeza umelala bapa, saini ya wino imesambaa kwa joto. Mwenye hati anataka nimtolee plastiki kwa sababu ofisi fulani imekataa kuipokea. Asetoni iliyoiyeyusha plastiki ya Barrow haiyeyushi hii ya sasa. Wengine, kabla ya plastiki, wameshampa fundi "aisafishe" kwa jiki. Klorini inabaki kwenye nyuzi, cheti kinang'aa mwezi mmoja, baadaye kinakuwa unga. Wanaotangaza kazi hiyo kwenye makundi ya WhatsApp hupiga picha ya siku ya kwanza tu.

Kama una hati ya namna hiyo na ina tatizo, waulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya kumuuliza mtu mwenye mashine. Ukitaka kitu cha kubeba kwenye pochi au kuwaonyesha wageni, toa fotokopi ya rangi. Hiyo ipige laminesheni hata mara mbili.