Anzia ku mkono mzima: ekografi kwa mtoto aliyeanguka

Wenzangu munaopokea watoto dharura hapa Goma, mutoto ameanguka toka ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ama amejikwaa ku mawe ya volkano, mkono umevimba karibu na kifundo, umeme umekatika na radio (picha ya eksirei ya mfupa) haiwezi kupigwa, na ile ekografi ya betri (mashine ya ultrasound) iko pale inangojea tu mama wajawazito. Itumieni jamani!

Shika sonda bapa (kile kichwa cha mashine kinachopitishwa ku ngozi), ile ya kuangalia mishipa, si ya tumbo. Jel weka nyingi, rundo kabisa, sonda ielee juu yake bila kugandamiza, maana mutoto ukimuumiza mara moja hatakupa tena ule mkono. Ndiyo maana mimi naanzaka ku mkono mzima, ule usioumia: anaona haiume, anaangalia kioo, analegea, na wewe unajua mfupa wake ukiwa salama unafananaje, na hiyo ndiyo kubwa. Mfupa mzima ni mstari mweupe laini, nyuma yake giza. Ukivunjika mstari unakatika ama unapanda ngazi, na kwa wadogo mara nyingi unajikunja tu kanundu kadogo. Lakini mutoto anayekua ana nafasi ya kawaida pale mfupa unaporefukia, karibu kabisa na kifundo, na asiyelinganisha mikono miwili ataita ile nafasi mvunjiko na kumfunga plata (jasi ngumu) bure.

Kila mfupa, radiasi na ulna, ile miwili kati ya kiwiko na kifundo, upitie juu, chini na ubavuni.

Australia, kule Queensland, walilinganisha watoto 270 wa miaka 5 mpaka 15, matokeo yakatoka 2023: walioanza na ekografi, baada ya wiki 4 mikono yao ilifanya kazi sawa na ya walioanza na radio. Ila hao walikuwa na mkono usiopinda, umeumia karibu na kifundo tu. Kiwiko ni habari ingine, pale natafuta mafuta ya nyuma yaliyosukumwa juu na damu, nikiyaona natuma radio hata kama sijaona mstari uliokatika. Mkono umepinda, vidole baridi ama ganzi, mfupa umetoboa ngozi: acha ekografi, ita wa upasuaji sasa hivi.

Na mama mugeuzie kioo, umuonyeshe ile ngazi kwa kidole, atakubali plata haraka kuliko kumhubiria asiende kwa wakanda mifupa. Ekografi ikiwa safi lakini mutoto bado anakataa kushika hata kikombe, mufunge mkono, umpe dawa ya maumivu, radio ipigwe umeme ukirudi.