Galbi ya Los Angeles bado ni galbi

Swali la wiki liliuliza: Mwasia anayeishi Marekani akibadili mapishi ya kwao kufuata soko la huko, je, bado anapika chakula cha kwao? Nasema ndiyo, na mfano wangu ni galbi, mbavu za ng'ombe za Wakorea.

Kwa mkato wa Kikorea, ubavu hukatwa mfupi, kisha nyama hupasuliwa taratibu kwa kisu mpaka itandazike kama utepe mrefu ulioshikana na mfupa. Ni kazi ya mkono uliozoea. Wakorea waliohamia Marekani kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 walikuta huko mkato uitwao flanken, waliouzoea Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki: msumeno hukata kukingama mifupa, kila kipande kikabaki na vifupa vitatu au vinne. Kikikatwa chembamba, chini ya sentimita moja, viungo hupenya upesi na nyama huiva kwa dakika chache. Mkato ulibadilika; soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na tunda la kulainisha vikabaki. Korea kwenyewe wameupokea: LA galbi, yaani galbi ya Los Angeles yenye mkato huo, hupikwa majumbani sikukuu ya mavuno iitwayo Chuseok.

Anayetaka kuipika achukue kilo moja na nusu. Msumeno huacha chenga za mfupa, basi loweka nyama kwenye maji baridi nusu saa, suuza, kausha vizuri. Ikibaki na maji, viungo huzimuka. Changanya mililita 120 za sosi ya soya, vijiko vitatu vya sukari, punje sita za kitunguu saumu, kijiko cha mafuta ya ufuta, pilipili manga na nusu peasi ya Kikorea iliyokunwa. Laza usiku mmoja kwenye friji.

Peasi hiyo ikikosekana, tumia peasi ya kawaida au tofaa. Wengi huharibu hapa kwa kuweka kiwi na kulaza vilevile usiku kucha. Kimeng'enya chake ni kikali, kama cha papai bichi kwenye mishkaki: nusu tunda na saa moja vinatosha, ukizidisha nyama inakuwa uji.

Choma kwa moto mkali, dakika mbili au tatu kila upande. Kwanza iache nyama ichuruzike sosi, maana sukari inayodondokea mkaa hutoa moshi mchungu, na nyama huungua nje kabla ya mafuta yake kuyeyuka.