Hadithi za kuchekesha za mifugo kwa watoto: mwache mbuzi awe mbuzi

Mkuu, nimesoma swali lako. Umetunga hadithi ya mbuzi, jogoo na punda wanaotoroka usiku kwenye boma la tajiri wao, ukawasomea wanao wa miaka 6 na 8, wakasikiliza kwa adabu mpaka mwisho bila kucheka hata mara moja. Unauliza kama tatizo ni lugha au ni hadithi yenyewe. Mimi nafundisha darasa la pili hapa Singida, na kipindi cha hadithi ndicho nikipendacho kuliko vyote, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Lugha yako ni nzuri. Shida ni kwamba mbuzi wako anavaa miwani, anasoma ramani na kuwapangia wenzake kazi. Ukifuta "mbuzi" ukaandika "mjomba", hadithi inabaki ileile. Watoto wetu wanawajua mbuzi. Wamewafukuza kwenye mihogo, wamewaona wakipanda juu ya ukuta usio na upana wa kiganja. Wanakaa wakingoja mbuzi afanye mambo ya kimbuzi, na hayafanyi.

Tazama wazee walivyolimaliza jambo hili katika kisa cha wanyama watatu waliopanda basi. Punda alilipa nauli kamili akashuka zake. Mbwa alitoa noti kubwa, konda akamwambia asubiri chenji, basi likaondoka nayo. Mbuzi hakulipa kabisa, alishuka akatimua mbio. Ndiyo maana mpaka leo gari likitokea mbuzi hukimbia, mbwa hulifukuza, na punda husimama katikati ya barabara hata upige honi namna gani. Hakuna mnyama hapo aliyefanya jambo ambalo mtoto hajaliona kwa macho yake. Vivyo hivyo kuku aliyeazima wembe wa mwewe akaupoteza: anachakura mpaka leo akiutafuta, na mwewe anajilipa kwa vifaranga. Kisa kinaanzia kwenye tabia ya kweli, ndipo uongo mtamu unafuata.

Sasa rudi kwenye usiku wako wa kutoroka. Umewapa vikwazo vya nje: mlinzi, kufuli, mvua. Ondoa vyote. Mpango unapaswa kuharibiwa na wao wenyewe kwa jinsi walivyoumbwa. Jogoo ameapa kunyamaza, lakini alfajiri inakaribia na koo linamwasha. Anabana mdomo, anajificha kichwa chini ya bawa, mwisho inamtoka. Mbuzi anaonja kila anachokutana nacho njiani kwa sababu mbuzi hukagua vitu kwa midomo, kwa hiyo anachelewa kwenye kamba, kwenye ufagio, kwenye shati la tajiri lililoanikwa. Na punda, wakifika getini kabisa, anaona turubai linapepea na kusimama. Watu humwita mbishi, lakini punda akiogopa hakurupuki kama farasi, husimama kwanza apime hatari. Wenzake wanamsukuma, wanambembeleza, wanamuimbia. Yeye anapima. Ukurasa mzima anapima! Hapo wanao watakuwa wamelala chini kwa kicheko.

Kuku ndiye mwenye utajiri mkubwa kuliko wote, na kwetu Singida hatuna uhaba wa kuku. Niliwahi kuwatungia wanafunzi wangu hadithi ya kuku aliyewekewa mayai ya bata ayaatamie, jambo ambalo wafugaji hulifanya kweli. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Ya bata huchukua 28, na ya wale bata wenye nyama nyekundu usoni hufika takriban 35. Hebu fikiria mama huyo. Siku ya 21 imepita, jirani zake wanapita mmoja mmoja: "Mwenzetu, bado tu?" Anajibu kwa heshima. Siku ya 28 wameanza kunong'ona nyuma ya banda. Siku ya 35 hamjibu mtu. Sikuhitaji kubuni chochote, hesabu yenyewe ilinipa hadithi.

Halafu watoto wanatoka, mvua imenyesha, kuna dimbwi. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Mama anakimbia ukingoni huku na huku: "Tokeni, mtalowa!" Nao wanajibu, "Mama, tumeshalowa!" Niliposoma hapo, msichana wa dawati la nyuma alisimama bila kuitwa, akakunja mikono kama mabawa, akakimbia kwenye ujia wa darasa akinyoosha shingo kila hatua mbili, vilevile kuku mwenye wasiwasi anavyofanya. Darasa zima likawa linapiga kelele "tumeshalowa!" Nilifunga daftari tukaendelea hivyo mpaka kengele.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wengi wanalikwepa, nami nadhani wanakosea: kuchinjwa. Mtoto wa hapa anajua kuku wa Idi na wa Krismasi anakwenda wapi. Ukimficha, anaona unamdanganya. Huna haja ya kuonyesha kisu. Tumia mgeni. Kwa watu, mgeni njoo mwenyeji apone. Bandani, hodi moja tu inatosha kumfanya jogoo aanze kuchechemea na kukohoa ili aonekane mgonjwa. Mgeni akisema amekuja kukopa jembe tu na hakai, jogoo anapona papo hapo. Watoto hucheka sana hapo, na najua ni kwa sababu kuna hofu ya kweli chini yake. Ila mwache jogoo asalimike. Kwa umri huo mimi siwezi kufanya vinginevyo.

Mengine kwa ufupi. Weka milio na viigizi vingi (pu, chubwi, tifu), maana mtoto anataka kushiriki, na ndiyo kazi ya paukwa pakawa tangu zamani. Sentensi moja irudi mara tatu kwa maneno yaleyale, wataidaka wenyewe. Usimcheke mnyama kwa kilema wala unene, darasani kuna mtoto atakayebandikwa jina hilo siku hiyohiyo. Punguza theluji, maghala mekundu na marobota ya nyasi, kwani banda la miti, tenga juu ya basi la Dar na kamba mguuni vinatosha. Nguruwe ni mchekeshaji mzuri, anajipaka tope kwa sababu hatoi jasho la kutosha kujipoza, lakini fikiria utamsomea nani kabla ya kumpa sehemu kubwa.

Ikikamilika na ukataka isomwe na wengi, angalia mradi wa African Storybook. Unapokea hadithi fupi za Kiswahili, picha moja kila ukurasa, na mtu yeyote anazisoma bure.

Anza na lile geti. Liandike upya, kurasa mbili tu, punda akiwa amesimama, kisha libandike hapa. Nitawasomea darasa langu na nitakuambia walicheka wapi na wapi walianza kuchungulia dirishani.